Kujitolea kuwafundisha wakimbizi maisha ya kila siku Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ni mwaka wa saba sasa ninajitolea kwa familia za wakimbizi hapa Louisville, Kentucky. Maswali haya nimeulizwa kanisani, msibani, kwenye makundi ya WhatsApp ya Watanzania na Wakenya, na kwenye foleni ya duka la vyakula vya Kiafrika, watu wakiniona nimefuatana na mama mgeni na watoto wake sita. Nayajibu hapa kama ninavyojibu ana kwa ana, nikianza na yale ya mwanzo.

## Mambo ya mwanzo

Wakimbizi hao ni akina nani, na wanamhitaji Mswahili kwa nini?

Wengi ni Wakongo wa mashariki: Wabembe, Wafuliiru, Washi, Wanyamulenge na wengineo, ambao kwa sehemu kubwa Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Katika mwaka wa fedha wa 2016 Kongo iliongoza kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, zaidi ya 16,000. Mwaka wa 2024 iliongoza tena, na safari hiyo walikaribia 20,000. Wapo pia Warundi waliokimbia mwaka 1972 na wakaletwa huku kuanzia 2007 baada ya kuzeeka ugenini. Na wapo Wasomali Wabantu, ambao baadhi yao bado wanazungumza Kizigua, lugha waliyoondoka nayo mababu zao walipouzwa utumwani kutoka upande wa Tanzania katika karne ya 19.

Ni wachache waliokuja moja kwa moja kutoka kwao. Walipita Nyarugusu kule Kasulu, Nakivale na Kyaka II Uganda, Gihembe Rwanda, Dzaleka Malawi, Kakuma Kenya. Wakifika hapa mhudumu wa shirika anakuwa na familia nyingi mikononi, na mkalimani yuko kwenye simu. Wewe unaweza kukaa na familia mezani.

Inakuwaje mtu mzima afundishwe kutumia jiko au kupanda basi?

Swali hili huwa linanichoma kidogo, kwa sababu mimi ni mtu wa Kigoma na najua maisha ya kambini yalivyokuwa. Nyarugusu ilifunguliwa Novemba 1996. Aliyezaliwa humo mwaka wa kwanza ni mtu mzima sasa, ana watoto wake. Miaka yote hiyo hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini bila kibali. Chakula kilitoka kwenye mgao, maji bombani kwa foleni, moto kwenye kuni. Huyo angepanga nyumba wapi? Angelipia umeme wa nani?

Hata hivyo mtu huyohuyo anajua kushona kitenge bila kielelezo, kufufua baiskeli iliyokufa, kuongoza kwaya ya sauti nne, kulima kipande cha ardhi kisichozidi mkeka. Mimi nilifika hapa na shahada ya chuo kikuu, na bado jirani ndiye aliyenionyesha mashine ya kufulia inavyowashwa. Nenda ukijua hivyo. Akikuona umemwona mtu kamili, atakuuliza kila kitu bila aibu.

Unapata nini? Furaha yake iko wapi?

Nitakusimulia. Mama mmoja, umri umeshapita sitini, alikuwa haendi popote peke yake. Tulipanda basi pamoja Jumamosi tatu: kutoka kwake hadi kliniki, kutoka kliniki hadi dukani, kurudi nyumbani. Jumamosi ya kwanza alitaka kumwambia dereva "shusha!" kama kwenye daladala, nikamwonyesha kamba inayovutwa pembeni ya dirisha. Ya pili alivuta mapema mno, tukashuka vituo viwili kabla, tukatembea. Ya tatu alivuta sawasawa.

Jumamosi ya nne alipanda, akaenda kukaa kiti cha mbele kabisa, akaniacha nyuma. Nilidhani nimemuudhi. Ilipofika kituo cha kliniki akavuta kamba, akamshukuru dereva, akashuka na kushika njia bila kugeuka. Nilibaki ndani ya basi, nikapitishwa kituo. Wiki iliyofuata nikampigia kumuuliza nije saa ngapi. Akaniambia, "Usikuje. Nilishafika."

Nilikaa jikoni kwangu nikilia kwa furaha, simu bado mkononi. Hiyo ndiyo raha ninayoizungumzia: unaingia kwa mtu kama fimbo ya kutembelea, siku moja unakuta ameiegemeza ukutani na kuondoka.

Lazima niwe mwalimu?

Hapana. Uwe na subira, ushike ahadi, na ufike siku uliyosema utafika. Saa mbili kwa wiki, kwa miezi sita, zinatosha kubadilisha maisha ya familia. Anayekuja kila siku kwa wiki mbili kisha akapotea huwa anaacha jeraha.

Nimesikia wakimbizi hawaingii tena. Bado kuna kazi?

Ipo tele. Mpango wa kupokea wakimbizi, uliojengwa juu ya sheria ya mwaka 1980, ulisimamishwa kwa amri ya rais tarehe 20 Januari 2025. Familia nyingi zilizokuwa zimeshapimwa afya na kuuza vyombo vyao zikabaki kambini. Hilo ni jambo la huzuni kubwa, na utakutana nalo: mama yuko Kentucky, binti yake mkubwa yuko Nyarugusu.

Lakini waliokwisha fika wako hapa. Msaada wa kwanza wa shirika ni wa siku 90. Baada ya hapo mtu anaweza kuwa na kazi na funguo za nyumba, huku hajui barua ipi ni ya kweli na ipi ni tangazo. Wengi wanaoniita siku hizi wamekaa mwaka mmoja hadi mitano.

Naanzia wapi?

Tafuta shirika la kupokea wakimbizi lililo karibu nawe. Church World Service, International Rescue Committee, HIAS na World Relief ni baadhi ya yale ya kitaifa, na mengi hufanya kazi kupitia ofisi za mitaa zenye majina mengine. Baadhi ya ofisi zimepunguzwa au kufungwa tangu 2025, kwa hiyo usikate tamaa ya kwanza ikikosa kujibu. Jaribu maktaba ya umma, shule ya watu wazima, kanisa au msikiti wenye ibada ya Kiswahili. Watachunguza kumbukumbu zako za polisi na kukupa mafunzo mafupi. Usione kama wanakudharau. Wanalinda watu waliokwisha kuumizwa.

Nina visa ya mwanafunzi. Naruhusiwa?

Kwa kawaida ndiyo, mradi kazi yenyewe ni ile ambayo hufanywa na watu wa kujitolea na haina malipo ya namna yoyote. Usipokee hata posho kabla ya kuuliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako.

## Lugha na heshima

Kiswahili changu cha Tanzania au Kenya kitaeleweka?

Kitaeleweka, ila fungua masikio. Mkongo wa Kivu anaweza kukuambia batu akimaanisha watu, masomo akimaanisha shule, lopitali, randevu kwa miadi, falanga kwa hela, sombe kwa kisamvu, lenga-lenga kwa mchicha. Atakushukuru kwa aksanti. Waliokaa Kigoma wamechanganya na cha Tanzania, na vijana waliokulia Nairobi watakupiga Sheng. Wanyamulenge wazee huwa huru zaidi katika lugha yao. Aliyetoka Kinshasa anaweza kuwa na Kilingala na Kifaransa tu, kwa hiyo uliza kabla ya kwenda.

Kosa kubwa ni kumsahihisha. Nimewaona Watanzania wenzangu wakicheka mtu akisema "niko nakuya". Kiswahili hicho kina wasemaji mamilioni, na ndicho alichobembelezewa nacho utotoni. Jifunze chake, naye atachukua chako.

Niwaamkieje, na niwaiteje?

"Jambo Mama, jambo Papa" haikosei. Shikamoo inapendwa sana na waliopitia Tanzania. Wengine hawakuizoea na watabaki wanakutazama. Waite kwa jina la mtoto wao, Mama Fulani, Baba Fulani. Ofisini wataitwa kwa jina la kwanza na kijana wa miaka ishirini. Kwako wasikie tena kwamba ni wazazi wa watu.

Usiingie moja kwa moja kwenye shughuli. Kaa, uliza hali ya nyumbani, ya waliobaki kambini, ya mgonjwa. Dakika kumi hizo ni sehemu ya somo. Na kama wewe ni mwanaume na mama yuko peke yake na watoto, fuatana na mwanamke au kutaneni maktaba.

Kwa nini anachelewa miadi wakati nimemwambia saa vizuri?

Je, umemwambia saa ya nani? Jambo hili limeharibu miadi nyingi kuliko theluji. Mtu aliyekulia Kigoma husema saa tatu asubuhi, na saa ya ukutani inaonyesha 9. Mwingine aliyezoea saa za Kifaransa akisema saa tatu anamaanisha 3. Mkalimani wa kwenye simu naye anatafsiri namba kama ilivyoandikwa: "saa tisa". Nilimpeleka mama mmoja kliniki alasiri, saa tisa kamili, tukaambiwa miadi ilikuwa asubuhi na sasa asubiri wiki tano. Tangu siku hiyo siandiki namba peke yake. Nachora uso wa saa na mishale yake, naweka jua la asubuhi au la jioni pembeni, na namwomba anieleze yeye: utaondoka nyumbani kabla au baada ya watoto kwenda shule?

Tarehe nazo ni vivyo hivyo. Hapa mwezi huandikwa kwanza, kwa hiyo 5/6 ni tarehe 6 Mei.

Vipi kama hajui kusoma?

Usianze na alfabeti. Anza na jina lake, anwani yake, namba za basi lake na neno linaloonyesha njia ya kutokea. Piga picha kituo chake cha kushukia, duka lake, mlango wa kliniki, ziweke kwenye simu yake. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp unatosha kwa mawasiliano yote. Kushika kalamu kutakuja, na siku atakapoandika jina lake kwenye mkataba mahali ambapo awali aliweka alama, uwe umekaa karibu.

## Ndani ya nyumba

Wiki ya kwanza nifundishe nini?

Moto, maji, baridi na namba 911. Mengine yanangoja.

Moto kwanza. Jiko la umeme halionyeshi mwali, na duara jeusi huwa la moto muda mrefu baada ya kuzimwa. Mafuta yakiwaka sufuriani, funika kwa mfuniko na uzime jiko. Usimwage maji kamwe. Usisimulie tu. Leta sufuria baridi na mfuniko, kila mtu afanye, hadi mtoto wa miaka kumi. King'ora cha moshi kitalia samaki wakikaangwa, na wengi huishia kung'oa betri. Waonyeshe kufungua dirisha na kupunga taulo, na waeleze kwamba kikipiga mlio mmoja mfupi kila baada ya muda kinadai betri mpya.

Kuna jambo moja ambalo sisi watu wa kwetu lazima tuliseme kwa sauti: mkaa usiingizwe ndani. Watu wa Makete na Njombe wanajua jiko la mkaa chumbani linavyoua watu usingizini. Hapa familia mpya ikikatiwa gesi au ikiona baridi imezidi, mawazo ya mkaa yanakuja. Oveni nayo si ya kupashia nyumba joto.

Maji: pazia la bafu liingie ndani ya beseni wakati wa kuoga, lisining'inie nje. Linaonekana jambo dogo mpaka dari ya jirani wa chini inapoloa na mwenye nyumba anapoandika barua.

911: fanyeni mazoezi kwa simu iliyozimwa. Aseme "Swahili" kwanza, kisha anwani yake, kisha atulie asubiri mkalimani bila kukata. Anwani ibandikwe kwenye friji na mlangoni.

Themostati, kile kidude cha ukutani cha kurekebisha joto la nyumba, wanaiogopa, au wanaipandisha mno. Nifanyeje?

Waeleze kipimo chenyewe: hapa ni Farenhaiti. Aliyezoea nyuzi za Selsiasi akiona 68 anadhani nyumba itachemka. Ni sawa na 20 tu. Maji huganda kwenye 32. Mtu mwingine, akiona baridi, anaipandisha hadi 85 akitumaini joto lije haraka, kisha anafungua madirisha, na mwisho wa mwezi bili inamtoa machozi. Bandika alama ya rangi kwenye 68, na weka bili mbili mezani, ya mwezi huu na ya mwezi uliopita, mzisome pamoja. Nguo za tabaka tabaka ndani ya nyumba zinasaidia kuliko unavyodhani, na kwenye maduka ya mitumba makoti mazuri yapo.

Barua zimejaa mfuko mzima. Tuanzie wapi?

Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, sijui kwa nini. Tunamwaga barua zote sakafuni, watoto wanakaa duara, tunapanga mafungu matatu: ya serikali na shule, ya bili, ya matangazo. Kadi ya benki yenye jina lako ambayo hukuiomba, kwa kawaida ni tangazo. Barua ya ofisi ya uhamiaji, ya bima ya afya, ya shule, ya mkopo wa tiketi ya ndege haitupwi.

Mkopo huo wengi wanausahau. Nauli ya kuja Marekani ililipwa na IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, kama mkopo usio na riba, na malipo huanza miezi sita hivi baada ya kufika. Mtu akishindwa kiasi kilichopangwa anaweza kupiga simu aombe kipunguzwe. Akinyamaza, rekodi yake ya mikopo inaharibika kabla hajaanza.

Maliza kwa kununua faili lenye mifuko. I-94 (karatasi ya kuingilia nchini), kadi za hifadhi ya jamii, vyeti vya chanjo, mkataba wa nyumba: kila kimoja na mfuko wake. Faili hilo litatajwa tena mwishoni.

Wananilazimisha kula. Nikatae?

Kula. Mama amesonga bugali, yaani ugali, na kukaanga ndakala, yaani dagaa, kwa ajili yako. Ukisema umeshiba unamwambia kwamba mkono wake hauna cha kukupa. Wiki nzima amekuwa mtu wa kupokea. Mezani kwake ndipo anapokuwa mwenyeji, na wewe mgeni. Nimejifunza kupika sombe kwa mawese na njugu kwenye nyumba hizi. Sombe yenyewe inanunuliwa ikiwa imegandishwa, maana muhogo hauvumilii baridi ya Kentucky. Lenga-lenga ndiyo inayostawi kwenye bustani za jamii kila kiangazi, na hapo wao ndio walimu wangu.

## Nje ya nyumba

Basi linafundishwaje?

Kwa kupanda. Angalau mara nne, njia ileile: ya kwanza unaongoza, ya pili mnaongozana, ya tatu anaongoza, ya nne unakaa mbali. Nimesimulia ilivyokuwa kwa mama mmoja kwenye jibu la furaha, hapo juu.

Benki na matapeli?

Waliotumia M-Pesa wana msingi mzuri: namba ya siri humwambii mtu. Jenga juu ya hapo. Kipya ni kwamba akaunti inaweza kwenda chini ya sifuri, na benki ikakata ada. Mfundishe kuangalia salio kwenye simu kabla ya kununua.

Kuhusu matapeli, rudia sentensi moja hadi waicheke: serikali haidai pesa kwa kadi za zawadi za dukani. Anayepiga simu akisema ni uhamiaji au hifadhi ya jamii, na kwamba polisi wako njiani, ni mwizi. Mtu aliyekimbia askari wa kweli anaogopa simu hiyo kuliko mimi na wewe, na wezi wanalijua hilo. Kateni simu pamoja kama zoezi.

Udereva?

Kila mtu anautaka, kwa sababu kiwandani zamu inaanza kabla ya basi la kwanza. Baadhi ya majimbo yana mtihani wa maandishi kwa Kiswahili. Uliza ofisi ya leseni ya jimbo lako. Msaidie kusoma kitabu na alama za barabarani. Kumfundisha kwa gari lako ni jambo jingine: soma bima yako kwanza, na masharti ya shirika lako. Ukibeba watoto, viti vyao vya gari lazima viwepo, hata kama safari ni ya dakika tano.

## Mipaka

Naweza kumtafsiria hospitali?

Msindikize, lakini daini mkalimani. Sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964 inazitaka hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu kuhakikisha mgonjwa anaelewa, na mkalimani ni bure. Kiswahili chako cha nyumbani hakitoshi kuelezea shinikizo la damu au hatari za upasuaji, changu hakitoshi. Na pia kuna mambo ambayo mama hatayasema mbele yako, kwa kuwa kesho mtaonana ibadani. Mfundishe kuomba mwenyewe kwa Kiingereza: mkalimani, Kiswahili, tafadhali. Maneno hayo matatu ni ufunguo.

Mtoto asitafsiri. Tazama swali la watoto hapo chini.

Fomu za uhamiaji?

Usizijaze. Ushauri wa uhamiaji unatolewa na wakili au mwakilishi aliyeidhinishwa na Idara ya Sheria, hata kama wewe umejaza ya kwako ukafaulu. Kazi yako ni kukumbusha: mkimbizi huomba kadi ya kijani baada ya mwaka mmoja, na anaweza kuomba uraia miaka mitano ikitimia tangu alipofika. Kuongozana naye hadi kwa mwenye kibali na kushika faili, hilo linatosha sana.

Utaona wengi wamezaliwa tarehe 1 Januari. Ni tarehe waliyoandikiwa kambini pale ambapo mwaka tu ndio uliojulikana. Usijaribu kurekebisha, tarehe iliyo kwenye karatasi zote ndiyo itumike kwenye karatasi zote.

Msaada wa chakula nao umebadilishiwa masharti na sheria ya Julai 2025. Usibahatishe jibu, mpeleke kwa msimamizi wa kesi. Kodi ya mapato ina huduma ya bure iitwayo VITA, kila msimu wa kodi.

Wakiniomba pesa?

Mashirika karibu yote yanakataza kuwapa, na nakubaliana nayo. Ukishakopesha, ziara zako zinageuka kuwa za mdai. Sema ukweli kwa upole, kisha tafuteni mlango mwingine pamoja: stoo ya chakula, kanisa, kampuni ya umeme kwa mpango wa malipo. Hili limenishinda mara moja, mtoto akiwa hana dawa. Nilinunua dawa, nikamwambia msimamizi wangu siku hiyohiyo.

Naweza kuweka picha zetu mtandaoni?

Hapana. Kuna watu ambao anwani zao hazitakiwi kujulikana na waliowakimbia.

## Hali ngumu

Watoto wamejua Kiingereza na sasa wao ndio wakubwa wa nyumba. Nifanye nini?

Hili ni gumu. Mtoto wa miaka kumi na miwili anasoma barua ya shule inayomlalamikia yeye, anamwambia baba "wanasema nimefanya vizuri". Au anakaa kliniki kutafsiri ugonjwa wa mama yake, anabeba neno lisiloenea kifuani mwake. Ndiyo maana hospitali haziruhusiwi kumtegemea mtoto kama mkalimani isipokuwa kwa dharura.

Ninachofanya ni kumfundisha mzazi kwanza, mtoto akiwa hayupo. Baba ajue kuingia kwenye programu ya shule kwenye simu na kuona alama mwenyewe. Jumatatu moja baba mmoja alimwuliza mwanawe kuhusu zoezi la hesabu ambalo halikukabidhiwa. Kijana alimkodolea macho. Baba hakugomba hata kidogo. Alitaka tu aonekane anajua, na alionekana.

Nikiona mtoto anachapwa?

Waeleze wazazi mapema, kabla ya tukio, na kwa heshima: hapa kipigo kinachoacha alama kinaweza kuleta wahudumu wa watoto mlangoni. Wazazi wengi wanasikia kwamba Marekani mtoto hakanywi kabisa. Si kweli, na wanahitaji njia nyingine za kukanya, si vitisho. Lakini ukishuku ukatili wa kweli, hapa Kentucky sheria inamtaka mtu yeyote atoe taarifa. Mwambie msimamizi, na toa taarifa.

Niwaulize kuhusu vita?

Usiulize. Akikusimulia mwenyewe, acha unachofanya usikilize, usiharakishe kumtia moyo. Mzee mmoja alinisimulia yote tulipokuwa tunabadilisha balbu, miezi kumi tangu tufahamiane. Tulikaa gizani mpaka alipomaliza. Akikosa usingizi, akiacha kula, mtaje kwa msimamizi ili apate mtaalamu.

Nafundisha jambo lilelile na hashiki.

Chunguza kama ni jambo lake au ni lako. Nilihangaika miezi miwili kumfundisha mzee mmoja kutumia barua pepe. Alichotaka ni kujua kumpigia dada yake video kule Nakivale. Tulipofanya hilo kwanza, barua pepe ilichukua siku mbili.

Pengine amechoka tu. Amesimama kwa muda wa saa kumi kwenye baridi ya kiwanda cha nyama. Siku hiyo kunyweni chai.

Familia imehamia jimbo lingine bila kuniaga. Nimekosea wapi?

Hukukosea. Wana ndugu Iowa, Texas au Maine, wamesikia kuna kazi au kwaya ya kwao, wameondoka kama mtu yeyote huru anavyohama. Kwa watu waliohesabiwa kilomita nne kwa miaka mingi, kuhama kwa hiari ni jambo kubwa.

Wapigie simu. Wakumbushe faili. Wakumbushe kwamba asiye raia akihama lazima aijulishe ofisi ya uhamiaji anwani mpya ndani ya siku 10, na kwamba shule mpya itataka chanjo za watoto. Familia yangu ya kwanza ilikwenda Iowa usiku wa Ijumaa, vyombo juu ya gari la shemeji. Wamenipigia mara mbili tangu hapo: ya kwanza kuuliza themostati ya nyumba mpya, isiyo na vitufe, na ya pili kuniambia wamepata mtoto wa kike, amezaliwa saa tatu asubuhi, ile ya kwetu.